Shingo ya baiskeli ikigonga, usikimbilie kukaza

Shingo nyingi ninazoletewa hapa Ng'ambo, Tabora, hazikuuliwa na mchanga wala mzigo. Zilikazwa na wenyewe. Mtu anasikia "ko, ko" kila akishika breki ya mbele, anachukua spana malaya, anakaza nati ya juu mpaka kiganja kinauma. Mlio unakoma, anafurahi. Wiki mbili baadaye mlio umerudi, au usukani umekuwa mgumu na baiskeli inayumba barabarani kama imetoka kilabuni. Hapo ndipo inafika chini ya mwembe wangu.

Maelezo haya ni ya shingo ya nyuzi (wengine husema thredi), yaani ile iliyomo kwenye baiskeli za mzigo aina ya Phoenix na kwenye mtumba mwingi wa kizamani. Utaitambua kwa nati kubwa iliyokaa juu ya fremu, na shina la usukani linalozama ndani ya bomba kama kisu kwenye ala. Ukiona usukani umebanwa kwa boliti mbili za pembeni na juu kuna kifuniko chenye boliti moja katikati, hiyo ni shingo nyingine, ina utaratibu wake.

Kilichomo ndani

Uma wa mbele una bomba refu linalopanda ndani ya shingo ya fremu. Chini kabisa ya bomba hilo, pale uma unapoanza kugawanyika, imegongewa koni ya chini. Shingo ya fremu nayo imegongewa mabakuli mawili, moja chini na moja juu. Kati ya koni na bakuli zinakaa gololi, ama zimepangwa kwenye keji yake (pete ya bati inayozishika), ama zimemwagwa huru. Juu kuna koni ya pili, na hii ina nyuzi: inazungushwa kwenye bomba la uma. Juu ya koni hiyo kuna washa yenye jino dogo linaloingia kwenye mfereji wa bomba, kisha nati ya kufungia. Kwenye baiskeli za mzigo, kishikio cha taa hubanwa hapohapo, chini ya nati.

Sasa angalia: vitu vyenye nyuzi ni viwili. Koni ya juu ndiyo inayopima, nati ndiyo inayofunga. Anayekaza nati peke yake hajapima chochote, ameikandamiza koni mahali ilipokuwa, na mara nyingi ilikuwa mahali pabaya.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ndilo kiini cha kazi yote. Nyuzi za koni hazishikani na nyuzi za bomba kwa kubana kabisa. Kuna uwazi kiasi cha unywele. Wakati unapima, gololi zinaisukuma koni juu. Ukikaza nati, koni inashuka, ule uwazi unaisha, na gololi zinabanwa kuliko ulivyokusudia. Kwa hiyo ukipima kwa mkono ukasema "hapa sawasawa", ukifunga itakuwa imezidi. Lazima uiache legevu kidogo, kisha nati ndiyo iimalizie. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema, "Mwachie nati kazi yake." Ilinichukua miezi kumwelewa.

Pima kabla hujagusa spana

Mlio wa "ko, ko" hautoki shingoni kila mara. Simama kando ya baiskeli, shika breki ya mbele, weka vidole vya mkono mwingine pale bakuli la chini linapokutana na uma, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Kama shingo ni legevu, vidole vitahisi uma ukiruka. Kama vidole havihisi kitu ila mlio upo, geuza gurudumu likae pembeni kwa digrii 90 na urudie. Gurudumu likiwa pembeni, breki haiwezi tena kukudanganya kwa mchezo wake wa mbele na nyuma.

Kwenye baiskeli za breki za vyuma, zile za fimbo, tahadhari zaidi. Viungo vya fimbo hulegea na kupiga kelele inayofanana kabisa na ya shingo. Hizo mimi sizipimi kwa breki. Naegemeza gurudumu la mbele ukutani, au kwenye mzizi wa mwembe, nasukuma kutoka kwenye tandiko. Halafu nashika rimu na kuitikisa kushoto na kulia: ikicheza, tatizo liko kwenye ekseli ya gurudumu. Madigadi, kengele na taa navyo vikague. Niliwahi kufungua shingo nzima ya jirani yangu kumbe ni skrubu ya madigadi. Hakunilipa, na alikuwa na haki.

Kipimo cha ugumu ni rahisi zaidi. Inua sehemu ya mbele ya baiskeli mpaka gurudumu liache ardhi, uilaze kidogo upande. Uma unatakiwa udondoke wenyewe, laini, bila kusita, kushoto hivyohivyo na kulia. Kisha zungusha usukani taratibu kwa kidole kimoja. Ukihisi unakwama kidogo unapofika katikati, kama mlango wa kabati unaojifunga kwa kubofya, hiyo si habari ya kukaza wala kulegeza. Nitaifikia.

Marekebisho ya dakika kumi

Hapa huhitaji kutoa usukani wala gurudumu. Unahitaji spana mbili: moja ya nati na moja nyembamba ya koni. Kwenye shingo za inchi moja, ambazo ndizo nyingi, saizi ya kawaida ni milimita 32. Shingo nene zaidi, za inchi moja na moja ya nane, huchukua 36. Kwa nati, spana malaya nzuri isiyocheza inatosha. Kwa koni inapasa kuwa nyembamba, kwa sababu koni yenyewe ni nyembamba, na spana nene itashika nati pamoja nayo. Sisi wengine tumesaga spana kuukuu kwenye mashine ya kunoa mpaka ikawa kama sahani. Tafadhali usitumie spana ya bomba. Itaitafuna nati na kesho hakuna spana itakayoshika.

1. Legeza nati ya juu kwa kuizungusha kinyume cha saa, mizunguko miwili. Kama koni inazunguka pamoja nayo, ishike kwa spana nyembamba.

2. Inua washa yenye jino ili iachane na koni. Mara nyingi imeganda kwa kutu. Iguse kwa ncha ya bisibisi pande zote, usiipinde.

3. Zungusha koni chini kwa vidole, si kwa spana, mpaka ikutane na gololi na mchezo uishe. Kisha irudishe nyuma kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko.

4. Shusha washa, shusha nati kwa mkono mpaka ikae.

5. Shika koni kwa spana nyembamba isisogee hata kidogo. Kwa spana nyingine kaza nati juu yake, kwa nguvu. Nguvu inatakiwa hapa, kati ya nati na koni, si juu ya gololi.

6. Pima tena vipimo vyote viwili, cha kugonga na cha kudondoka.

Haitakuwa sawa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe hurudia mara mbili au tatu. Ikigonga, legeza nati, ongeza koni kidogo, labda upana wa jino moja la kitana, funga tena. Ikiwa ngumu, punguza kiasi hichohicho. Mara nyingine unaweza kumalizia bila kufungua: ukiona imezidi ugumu kwa kiasi kidogo sana, weka spana zote mbili na uizungushe koni kinyume cha saa, juu kuelekea nati, huku umeishikilia nati. Zitabanana zaidi na gololi zitapumua.

Kufungua yote

Kama baiskeli imepita masika mawili bila kufunguliwa, au inatembea njia za mchanga za kwenda Sikonge na Urambo ikiwa na magunia, marekebisho peke yake ni kujidanganya. Fungua. Wakati mzuri ni baada ya mvua kukatika, mwezi wa tano au wa sita hivi, maji yaliyoingia yakiwa bado hayajageuka kutu nene.

Kwanza tandika kitambaa cheupe chini. Narudia: cheupe, na kikubwa. Siku moja nilifungua uma juu ya ardhi tupu, keji ya chini ilikuwa imekatika bila mimi kujua, gololi zikamwagika mchangani kama mtama. Mchanga wa Tabora hauna huruma, gololi ikizama hapo humwoni tena mpaka kuku afukue. Nilipata kumi na moja.

Toa gurudumu la mbele. Tenganisha breki, kwenye breki za fimbo legeza kiungo kinachoshuka kwenye uma. Kisha usukani: boliti iliyo juu ya shina, ya spana ya 13 au ya alenki (ufunguo wa pembe sita) ya 6, ilegeze mizunguko mitatu au minne tu, usiitoe. Weka kipande cha ubao juu yake na upige kwa nyundo. Chini ya shina kuna kabari, nayo ndiyo inayobana, pigo linaishusha. Shina lisipotoka, mimina mafuta ya taa kuzunguka shina, uende ukanywe chai, urudi upige tena. Kuzungusha usukani kwa hasira huku umebana gurudumu kwa magoti hupinda uma kabla kutu haijaachia.

Toa nati, washa, kishikio cha taa, halafu koni ya juu, huku mkono mmoja umeushikilia uma usidondoke. Shusha uma taratibu. Angalia keji zilivyokaa kabla hujazitoa, na ukumbuke uso upi ulitazama juu. Kuweka keji kichwa chini ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwenye baiskeli zilizopita kwa mafundi wenye haraka. Kanuni ni hii: gololi ziguse koni na bakuli, bati la keji lisiguse chochote. Ukiwa na shaka, weka keji kwenye koni uizungushe kwa kidole. Upande sahihi unateleza, upande mbaya unakwaruza.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ufute mpaka pakauke. Kisha angalia njia ya gololi kwenye mwanga wa jua. Inatakiwa iwe mstari mmoja unaong'aa. Ukiona vishimo vilivyopangana kama shanga, rangi ya kutu ndani yake, umeshajua kwa nini usukani ulikuwa unabofya katikati.

Gololi badilisha zote, hata kama zinaonekana nzuri, maana bei yake ni ndogo kuliko kazi ya kufungua tena. Hapa kuna mtego. Kwenye shingo nyingi gololi ni za 5/32 ya inchi, karibu milimita 4. Za gurudumu la mbele ni 3/16, karibu milimita 4.8. Kwa macho zinafanana, na dukani zinaweza kuwa kwenye kopo moja. Gololi moja kubwa ikiingia kati ya ndogo, inabeba mzigo peke yake na kuchimba bakuli. Zipange zote kwenye kioo au juu ya meza na ulaze rula juu yake. Rula ikiyumba, yupo mgeni.

Ukitumia gololi huru, jaza bakuli mpaka lienee, kisha toa moja. Zisipokuwa na nafasi zitasukumana.

Grisi ya magari inafaa. Paka nyingi, bakuli lijae, maana inayotoka nje inazuia vumbi. Mafuta ya injini hayakai, na ya kupikia yanageuka gundi. Ile sehemu ya shina la usukani inayozama ndani ya bomba ipake pia, kwa faida ya atakayekuja kuifungua.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Shina lizame mpaka alama ya mwisho iliyochorwa juu yake ifichike kabisa ndani ya nati. Kabari ikibania kwenye sehemu ya nyuzi inaweza kuvimbisha bomba mpaka koni isitoke tena.

Magonjwa na dalili zake

*Usukani unabofya katikati.* Mzee mmoja anayeuza asali aliniletea baiskeli yake mwaka juzi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Huu usukani una akili yake, kila nikikata kona unarudi wenyewe." Ni vile vishimo. Watu hudhani vinatokana na kuanguka mashimoni. Kwa kawaida chanzo ni kwenda moja kwa moja: mtu anatoka msituni kilomita nyingi, usukani haugeuki, gololi zimesimama mahali palepale zikitetemeka kwenye matuta madogo ya barabara ya vumbi. Grisi inasukumwa pembeni, chuma kinasuguana na chuma, shimo linachimbika polepole. Bakuli la chini na koni yake huumia zaidi kwa sababu ndiko uzito uliko.

Dawa halisi ni seti mpya. Kama mfuko hauruhusu, kuna njia mbili. Ya kwanza, toa keji uweke gololi huru: zitakuwa nyingi zaidi na nafasi kati yake zitakuwa tofauti, kwa hiyo haziwezi kuingia kwenye vishimo vyote kwa pamoja. Ya pili, toa bakuli la chini na uligongee tena likiwa limezunguka kidogo. Kulitoa, pitisha nondo kutoka upande wa pili wa shingo, piga ukingo wake kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto. Kulirudisha, weka ubao mgumu juu yake na upige katikati; likiingia upande, litoe uanze upya. Yule mzee nilimfanyia zote mbili.

*Nati imekazwa lakini koni bado inazunguka.* Nati imefika mwisho wa bomba la uma kabla haijaifikia washa. Ongeza washa moja nene. Kinyume chake, kama nati inashika nyuzi chache tu, kuna vitu vingi mno chini yake. Toa washa ya ziada.

*Inalegea kila wiki.* Aidha nati haikukazwa dhidi ya koni iliyoshikiliwa, au jino la washa limekatika na washa inazunguka na nati na kuivuta koni. Jino lililoisha hukwangua nyuzi. Usipopata washa nyingine, lisage liondoke kabisa na utegemee spana mbili. Kama umefanya yote hayo na bado inalegea, tazama bakuli kwenye fremu: likisogea kwa mkono, shingo ya fremu imepanuka.

*Ngumu upande mmoja, legevu upande mwingine.* Bakuli halijakaa hadi mwisho, au bomba la uma limepinda. Toa uma, zungusha koni kutoka juu mpaka chini huku ukiangalia pengo kati yake na bomba. Uma uliopinda kwa ajali mimi siunyooshi. Ukiona ufa wowote juu kidogo ya koni ya chini, baiskeli hiyo isitembee tena na uma huo, hata kurudi nyumbani.

*Koni mpya inazunguka mara mbili kisha inakwama.* Acha hapohapo. Nyuzi za inchi moja za kawaida ni 24 kwa inchi, lakini Raleigh za zamani za Uingereza zilikuwa na 26. Ukilazimisha utaua zote mbili. Kwenye mtumba wa Japani kuna mtego mwingine: kiti cha koni ya chini kwenye uma huwa milimita 27.0, wakati kipimo kinachotumika sana kwingine ni 26.4. Koni ya 27.0 kwenye uma wa 26.4 itacheza, na utakaza juu siku nzima bila kuelewa kwa nini bado inagonga. Ukienda dukani beba koni ya zamani mfukoni.

Mpira wa kuzuia mchanga

Kabla hujarudisha uma, kata kipande cha tyubu kuukuu, upana wa vidole vitatu, ukivute kwenye shingo ya fremu kutoka chini na ukikunje juu. Ukishamaliza kufunga, kishushe kifunike mahali bakuli la chini linapokutana na koni. Kisibane mpaka usukani uwe mzito, kiguse tu. Mchanga unaorushwa na gurudumu unaishia hapo.

Mzee wa asali alipokuja kuchukua baiskeli alijaribu usukani kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa, akauliza ule mpira wa nini. Nilipomweleza, gololi zangu mpya akazisahau kabisa. Aliomba kipande kingine cha tyubu kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe, akakifunga kwenye keria juu ya ndoo.